Msumari wa Faru

Jumamosi tarehe 18 Juni 1966, saa mbili asubuhi, ukelele ulisikika kutoka uwanja wa mpira ulio njia ya Likombe. Waliowahi kufika walimkuta Gaudensi Nchimbi amelala kwenye nyasi, mguu wa kulia umechanika chini ya goti, damu inamwagika. Mbele yake mashine ya kukatia nyasi, ile kubwa ya kukalia ambayo mji mzima uliiita Faru, ilikuwa bado inanguruma peke yake. Kisu chake kilikuwa kimechomoka. Kiligonga mlingoti wa goli, kikarudi nyuma, kikampata dereva.

Aliyemfikia kwanza alikuwa Mwajuma, mmoja wa wanawake waliokuwa wakifyeka uwanja huo mashine ilipokuwa mbovu. Alivua khanga aliyojitanda, akaipasua, akamfunga Gaudensi juu ya goti na kukaza kwa kijiti. Kisha akasimama katikati ya barabara na kulizuia lori lililokuwa likishuka bandarini na magunia. Daktari alisema baadaye kwamba bila khanga ile mgonjwa asingefika hospitali akiwa hai.

"Mungu mkubwa," watu walikuwa wakisema uwanjani. "Kila Jumamosi watoto huifuata mashine hii kama inzi. Leo hakuwepo hata mmoja."

Sajini Erasto Mbilinyi wa kituo cha polisi aliyasikia maneno hayo akiwa ameinama juu ya kile kisu.

Alimjua Gaudensi. Nani asiyemjua? Waliokuwa Mtwara miaka ile bado wanamkumbuka, kijana wa Songea aliyefanya kazi ya upakiaji bandarini siku za juma na Jumamosi akapanda juu ya Faru akiwa amevaa tai. Wazungu wa klabu waliiacha mashine hiyo walipoondoka, na kamati ya uwanja ikairithi. Mngurumo wake ulisikika hadi sokoni. Panzi waliruka kutoka majanini, watoto wakakimbia nyuma kuwadaka, na harufu ya nyasi mbichi ikaingia majumbani pamoja na upepo wa chumvi. Mama akiisikia Faru alijua ni Jumamosi, jioni kuna mpira, na mume atachelewa kurudi. Erasto mwenyewe, aliyehamishiwa huko kutoka Njombe akiwa hana ndugu wala rafiki, aliwapata marafiki zake wa kwanza kwenye kingo za uwanja huo, wameketi juu ya nyasi zilizokatwa na Gaudensi.

Mwezi wa nne Faru aliharibika. Vipuri vilikuwa Uingereza na kamati haikuwa na uwezo wa kuviagiza. Mashine ilikabidhiwa kwa Shabani, fundi wa magari karibu na bandari, atengeneze kwa chochote kitakachopatikana. Shabani aliunga shafti ya kisu kwa chuma cha reli ya zamani iliyong'olewa. Nati aliitoa kwenye lori bovu. Na ili nati isilegee kwa mtikisiko, alitoboa tundu kupita nati na shafti, akapitisha msumari wa inchi nne na kuukunja ncha.

Kwa hiyo siku ile kila mtu alikuwa na jibu tayari.

"Mfungeni Shabani," alisema Mwalimu Mathayo, katibu wa kamati. Walikuwa kwenye baraza ya hospitali, saa tano asubuhi. "Nilikiona kile kiraka chake, Bwana Sajini. Msumari! Mtu anafunga kisu cha mashine kwa msumari kama anatundika picha ukutani."

"Na wewe ukakipokea."

Mwalimu alitazama chini. "Saba Saba imekaribia. Timu ya Lindi inakuja. Nilitaka uwanja."

Sabina, mke wa Gaudensi, alikuwa ameketi sakafuni akiwa amelishika shati la mumewe. Aliinua kichwa. "Bwana Sajini, sitaki habari za msumari. Nataka jina la mtu. Huyo aliyemfanyia mume wangu hivi aozee jela."

Shabani alichukuliwa mchana huo. Hakupinga. Aliketi kwenye benchi la kituo, mikono yake myeusi kwa grisi imelala magotini.

"Kazi yangu ilikuwa mbaya kutazama, afande," alisema. "Hilo nakubali. Lakini ilikuwa imara. Niliijaribu siku mbili. Nilimwambia Gaudensi aipitishe hata kwenye mashina."

"Basi nati imetokaje?"

"Sijui. Naomba nikaione."

"Nitaiona mimi kwanza," alisema Erasto. "Nani mwingine alijua habari ya msumari?"

Shabani alicheka bila furaha. "Wote. Niliufunga palepale uwanjani, wale akina mama wafyekaji wamenizunguka. Nikajisifu. Nikawaambia, mnauona msumari huu? Huu ndio roho ya Faru. Ukitoka, Faru hana kisu."

Jioni Erasto alikwenda kwenye banda la uwanja walikoisukuma mashine. Askari wawili walimsaidia kuilaza ubavu. Mlango wa banda ulikuwa na kufuli, lakini ndani, mafyekeo ya wale wanawake yalikuwa yameegemezwa ukutani, na ufunguo ulitundikwa nje chini ya paa, mahali ambapo wote waliufikia.

Alikuwa ameokota nati kwenye majani. Aliigeuza mwangani. Meno yake yalikuwa mazima. Ya shafti pia yalikuwa mazima. Kisha alichuma unyasi mmoja, akauingiza kwenye tundu la msumari. Ukapita na kutokea upande wa pili.

Kama msumari ungekatika kwa nguvu ya kisu, kipande chake kingebaki kimekwama ndani ya shafti, na kingo za tundu zingekuwa zimeumia. Hapakuwa na kipande wala mkwaruzo. Msumari haukukatika. Ulikunjuliwa, ukatolewa, na Faru akaachwa aifungue nati mwenyewe kwa kutetemeka.

Asubuhi alimwachia Shabani.

"Umekosea," Mwalimu Mathayo alimwambia kwa hasira. "Kama si fundi, basi ni Omari. Mji mzima ulimsikia."

Hilo lilikuwa kweli. Omari alikuwa mkulima wa kijiji cha Ziwani aliyezoea kuwalaza mbuzi wake karibu na uwanja kila alipoleta muhogo mjini. Mwezi wa tatu Faru alimkanyaga mwanambuzi wake, naye Omari alisimama katikati ya uwanja na kuapa kwamba chuma kile kitalipa. Jumatatu Erasto alipanda baiskeli hadi Ziwani. Alimkuta Omari kwenye mikorosho, akipalilia.

"Ulisema chuma kitalipa," alisema Erasto baada ya salamu.

"Nilisema, na ningesema tena. Mbuzi yule alikuwa wa mwanangu." Omari aliliweka jembe chini. "Lakini Alhamisi alfajiri tulipata msiba hapa, mke wa kaka yangu. Ijumaa tumezika. Jumamosi tulikuwa matangani. Waulize wote hapa kijijini. Na nikuambie jambo jingine, bwana mkubwa. Mimi ningekuwa wa kufanya hivyo, ningeichoma moto ile mashine mchana, watu wakiona. Mambo ya kuvizia siyajui."

Waombolezaji walithibitisha. Siku ya Ijumaa, Omari alipokuwa akizika, Faru alikuwa amejaribiwa tena saa kumi jioni, na msumari ulikuwepo. Gaudensi mwenyewe, kitandani, alisema aliuona. Kwa hiyo aliyeutoa aliingia bandani baada ya jioni ya Ijumaa, kabla ya saa mbili ya Jumamosi.

Akirudi kutoka Ziwani, Erasto alipita uwanjani. Kamati ilikuwa imewaita tena wanawake wafyeke kwa mikono, maana Saba Saba haikungoja. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja, mafyekeo yakipanda na kushuka pamoja, na wimbo wa Kimakonde ulitoka upande mmoja wa mstari na kujibiwa upande wa pili. Aliegemeza baiskeli akasikiliza. Aliupenda wimbo ule. Miezi miwili Faru alipokuwa mbovu, alikuwa akichelewa kwa makusudi kwenda kazini ili ausikie.

Zuhura, mmoja wa wafyekaji, alikuja kunywa maji, akamchotea na Erasto.

"Wimbo leo umepoa," Erasto alimwambia.

"Mwanzishaji wetu hana sauti. Mwajuma. Tangu siku ya ajali haimbi, anafyeka tu. Damu ile imemtia hofu, maskini. Na ana moyo yule. Watoto wetu wamepona kwa sababu yake."

"Kwa vipi?"

"Hujasikia? Jumamosi, kabla Gaudensi hajawasha, Mwajuma aliwaita watoto wote kule nyuma ya banda. Akawagawia karanga za kukaanga, mfuko mzima. Watoto waliposikia Faru wakataka kukimbia, akawaambia atakayeondoka hapewi. Mwenyezi Mungu alimtia wazo."

Erasto alimrudishia kata ya maji taratibu. "Huwagawia karanga mara nyingi?"

"Mwajuma? Atazipata wapi? Ana watoto wake wawili wa kulisha." Zuhura alimtazama sajini, kisha akautazama mstari wa wenzake, na kata ikamponyoka mkononi.

Saa tisa mchana Erasto aliwakusanya mbele ya banda: Mwalimu Mathayo, Shabani, na wanawake wote na mafyekeo yao. Aliwaonyesha nati na shafti, akapitisha unyasi kwenye tundu.

"Shabani hakukosea," alisema. "Msumari ulitolewa na mkono wa mtu. Mtu huyo hakuwa adui wa Gaudensi, wala hakutaka damu. Alijua kisu kitaruka, akaogopa kitawapata watoto. Akawaondoa. Dereva hakumfikiria, kwa sababu dereva anakaa juu na kisu kiko chini. Hakujua kitagonga mlingoti na kurudi." Alimgeukia Mwajuma. "Mama Fatuma, karanga zile ulizinunua Ijumaa, sivyo?"

Mwajuma hakukana. Alilaza fyekeo lake chini kwa uangalifu, makali yakielekea upande ambao hapakuwa na mtu.

"Ijumaa magharibi," alisema. "Baada ya kurudisha fyekeo. Nilikunjua msumari kwa koleo la marehemu mume wangu, nikautupa baharini."

"Mwajuma!" Mwalimu Mathayo alipayuka. "Kwa nini? Tulikukosea nini?"

"Wewe unaniuliza, Mwalimu?" Sauti yake haikupanda. "Mume wangu alikufa bandarini chini ya mzigo. Nikatoka Ziwani sina kitu. Faru alipoharibika ukatuita. Tulifyeka uwanja huu mpaka ukang'aa. Wanangu walikula, walivaa. Lakini si hayo tu. Watu walikuwa wakisimama barabarani kutusikiliza. Nilikuwa mtu. Halafu Shabani akaleta Faru, ukaja ukatuambia turudishe mafyekeo bandani. Basi. Hukusema hata asanteni. Nikasema moyoni, chuma hiki kikiharibika mbele ya watu, kitatupwa, na sisi tutarudi." Alifuta uso kwa kiganja. "Nilipomwona Gaudensi anaanguka nilitaka ardhi inimeze. Alikuwa akitusalimia kila siku, yule kijana. Kila siku."

Mwalimu Mathayo alivua kofia na kubaki ameishika.

"Nimalizie safu yangu, Bwana Sajini?" Mwajuma aliuliza. "Imebaki kidogo."

Erasto alimruhusu. Akamsubiri. Hakuna aliyeimba.

Usiku ulikuwa haujaingia bado alipokwenda hospitali kuwaeleza. Gaudensi alisikiliza akiwa amefumba macho. Mguu haukukatwa, ingawa daktari alikuwa amemwambia kwamba bandarini hatarudi. Erasto alipotaja jina, Sabina aliruka kutoka kitini.

"Yule aliyemfunga khanga? Nilimshika miguu yule nikimshukuru! Nilimbusu mikono!"

"Ndiye."

"Afungwe. Afungwe, Bwana Sajini, nitakuja mahakamani nimtazame usoni."

Gaudensi alifumbua macho. "Watoto wake wako na nani?" aliuliza.

Katika haraka ya siku ile hakuna aliyekumbuka kuuliza. Sabina alimtazama mumewe. Kisha alijifunga khanga kiunoni kwa nguvu, akatoka bila kuaga.

Mwajuma alihukumiwa mwezi wa nane. Shabani alitoa ushahidi kwa sauti ndogo, na Mwalimu Mathayo aliomba mwenyewe kuzungumza, akaiambia mahakama kuhusu ile siku ya kurudisha mafyekeo. Hakimu alimpunguzia adhabu lakini hakumwachia. Sabina alikuja kama alivyoahidi, akaketi mbele, akamtazama usoni mpaka mwisho.

Jioni ya hukumu Erasto alipita nyumbani kwa Gaudensi. Alimkuta Sabina uani akisonga ugali. Gaudensi alikuwa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, na kwenye mkeka kando yake waliketi watoto wawili ambao Sabina hakuwazaa: msichana wa miaka kama minane na mdogo wake, wakiwa wamenawa mikono.

"Umeleta nini?" Sabina aliuliza bila kugeuka. "Karatasi nyingine ya kutia dole gumba?"

"Hapana, dada. Nimepita kusalimia tu."

"Basi sikiliza. Sijamsamehe mama yao. Usije ukapeleka habari gerezani kwamba nimemsamehe." Alipakua ugali, akaweka mboga, akasukuma sahani katikati ya mkeka. Mtoto wa kike hakuinua mkono. Sabina akamega tonge mwenyewe, akalichovya, akamwekea kiganjani.

"Fatuma," alisema. "Sogea ule, mwanangu. Chakula kinapoa."