Sauti ya Mtu wa Mwisho

Kikundi chao cha matembezi kilikuwa na mtindo wake. Kocha, mwalimu mstaafu wa michezo, alitangulia mbele na hageuki nyuma hata aumwe na nyuki. Kila wafikapo penye kona alipaza sauti, "Nyuma!" na mtu wa mwisho akaitikia, "Salama!" Ndiyo ilikuwa ruhusa ya kuendelea. Mtu wa mwisho siku zote alikuwa Fundi, mshona nguo mwenye sauti nene. Wenzake walimtania kwamba akipiga chafya kibandani kwake, mtaa mzima unamwombea afya.

Siku hiyo walikuwa ndani kabisa ya hifadhi, kwenye njia nyembamba yenye vichaka vya miiba huku na huku, jua likiwa utosini. Kocha akaita. Fundi akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno, mtu akaitikia nyuma yake, "Salama!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Akageuka. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya nywele zilizoungua.

"Umesikia?" alimnong'oneza mdogo wake aliyekuwa mbele yake.

"Nimekusikia wewe, dada. Kwani si wewe uliyeitikia?"

Fundi akaendelea kutembea. Mdogo wake huyo, Fundi alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, na baada ya ugonjwa wa muda mrefu, leo ndiyo kwanza anatoka. Fundi ndiye aliyemng'ang'aniza aje apate hewa. Hakutaka kumharibia siku.

Alasiri, walipokuwa wakivuka korongo kavu, mguu wa mdogo wake ukaingia kwenye shimo na kuteguka. Wenzao walikuwa wameshapinda kona. Simu zote zilikuwa garini, kwa amri ya Kocha, anayesema mwenye simu hatembei, anatembezwa.

"Nyuma!" Kocha aliita kwa mbali.

Fundi akapiga kelele kwamba wasubiri, mtu ameumia, lakini koo lilitoa mnong'ono tu, na juu ya mnong'ono huo ikapita ile sauti nene, yenye furaha, "Salama!" Nyayo za wenzao zikaendelea mpaka zikapotea.

Kichaka kikatikisika, akatoka mwanamke. Alikuwa Fundi mwenyewe, kwa kofia yake na shati lake, ila hana hata tone la jasho, na midomo yake ilicheza baada ya maneno kusikika.

"Mwache hapa," kilisema kile kitu. "Mimi nitakaa naye. Wewe wahi gari."

"Simwachi," alinong'ona Fundi.

"Lango linafungwa jua likizama."

"Lifungwe."

Kikatabasamu. "Basi kaa naye. Nyumbani nitarudi mimi. Wanao watanifungulia mlango."

Kikawapita karibu kiasi cha kuwagusa, kikashika njia.

"Dada," mdogo wake alilia, "nenda. Wahi watoto."

"Funga mdomo upande mgongoni."

Fundi alikuwa anaogopa, tena sana, lakini hasira ilishaanza kuipita hofu, kwa maana kumtisha yeye ni jambo moja, na kwenda kuwapakulia wanawe chakula kwa mikono ile ni jambo jingine kabisa. Akambeba mdogo wake mgongoni na kupanda korongo, miiba ikimchana mikono, vichaka pande zote vikimwambia kwa sauti yake mwenyewe apumzike kidogo, amtue kidogo tu, aketi, naye akijibu kwa mnong'ono, hatua kwa hatua, kwamba hatui, haketi, na visimpotezee muda.

Alifika langoni gari likiwa limeshawashwa. Kocha, mguu mmoja mlangoni, alimwona akabaki mdomo wazi.

"Fundi? Si umeshapanda?"

"Sijapanda. Na mdogo wangu ulimwona akipanda?"

"Uliniambia amelala siti ya nyuma."

"Na wewe hukugeuka kutazama."

Kocha akainamisha kichwa. Fundi akamketisha mdogo wake kwenye ngazi ya gari, akaingia. Kile kitu kilikuwa kimekaa nyuma, mikono mapajani.

"Jamani, mtoeni huyo," kilisema kwa ile sauti nzuri nene. "Huyo si mtu."

Abiria walitazama huku, wakatazama kule, hakuna aliyethubutu kusogea. Fundi hakubishana. Alikikamata ukosi, akakivuta. Viganja vilimwungua, lakini kilikuwa chepesi kama nguo iliyokauka kambani.

"Nitakuja kwako," kilimnong'oneza sikioni, na sasa mnong'ono ulikuwa wa kile kitu, si wa Fundi tena.

"Njoo. Utanikuta."

Akakitupa nje. Hakikufika chini, ilianguka ile harufu ya nywele zilizoungua tu. Wenzake wakampandisha mdogo wake bila kutazamana usoni.

Dereva aligeuka kitini. "Mama, njooni mkae huku mbele. Ile siti ya nyuma si ya kukalia tena."

"Ile ndiyo siti yangu," alisema Fundi, na vioo vya gari vikatetemeka kwa sauti yake.

Akamshika mdogo wake wakaenda nyuma, akaikalia ikiwa bado ya moto, akaupakata mguu wa mdogo wake, akamwambia dereva aondoe gari.