Shoga Yangu Alinipa Betri Mbovu Akijua

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, mkazi wa Tabora mjini. Kazi yangu ni kupiga picha. Najua wapo watakaocheka, waseme siku hizi nani anamhitaji mpiga picha wakati kila mtu ana simu mkononi... Wacheke tu! Mimi nimelizwa na kamera kuliko nilivyolizwa na mume aliyeniacha, na mume mwenyewe aliniacha na ujauzito.

Mwingine atasema, sasa betri ndiyo ya kuliliwa? Kidude cha kutia mfukoni? Ndugu msomaji, soma kwanza mpaka mwisho, halafu uniambie.

Nilianza kazi hii na rafiki yangu ambaye hapa nitamwita Hadija. Tulikuwa kama chanda na pete. Tulinunua kamera za dijitali siku moja, aina moja, katika duka la Mhindi mmoja karibu na soko. Mzee yule alitusihi sana tusije tukanunua betri za mitaani, kwamba zinafanana na zenyewe kwa sura tu. Tulimwitikia kwa heshima, na baada ya muda tukazinunua hizo hizo. Kazi zilikuwa nyingi, umeme ulikuwa wa kubahatisha, tungefanyaje?

Kwa kuwa kamera zetu zilikuwa aina moja, betri zilikuwa mali yetu sote. Mwenye kazi kubwa ndiye aliyeondoka na betri orijino, mwenye kupiga paspoti za wanafunzi alibaki na feki. Ili tusichanganye, zile orijino tulizitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu iliyokolea. Hiyo ilikuwa alama yetu. Hatukuwahi kuulizana mara mbili, ukiona nukta, unaondoka.

Sasa niwaeleze habari ya baba yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kilio changu.

Baba ni mkulima wa tumbaku, huko kwetu ndani kidogo ya Urambo. Yeye na kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, walilima pamoja na kukausha tumbaku katika bani moja, yaani kile kibanda cha kukaushia kwa moto. Msimu mmoja nilipokuwa bado mdogo, bani lile liliungua na tumbaku yote ya baba mkubwa ikiwa ndani. Zamu ya kuangalia moto ilikuwa ya baba. Baba alisema alikuwa macho, moto ulimshinda. Baba mkubwa alisema alilala. Wengine wakaongeza chumvi, wakasema aliunguza makusudi... Baba mkubwa akahama na familia yake, akaenda kufungua mashamba mapya Usinge. Wanawe wakakua wakiambiwa kwamba shida zao zote zimetokana na baba yangu.

Miaka ikapita bila salamu. Si harusi, si msiba. Watu wa tumbo moja!

Kisha mdogo wangu Zuhura akapata mchumba. Baba, bila kumwambia mtu, akatuma ujumbe Usinge kumwomba kaka yake aje kumpa binti yao baraka. Hata tulipokuja kujua, hatukutegemea jibu. Mimi kama mpiga picha wa familia nilikuwa na wasiwasi wa kazi yangu tu, maana kijijini kwetu wakati ule umeme ulikuwa haujafika. Nikamwomba Hadija betri zenye nukta. Yeye siku hiyo hiyo alikuwa na harusi ya mfugaji mmoja mwenye uwezo huko Lusu, Nzega.

Hadija hakusita hata kidogo. Alisema, "Shoga yangu, harusi ya mdogo wako ni yangu pia. Chukua wewe, mimi nitajibana na hizi nyingine." Nilimkumbatia! Nilimwombea dua!

Nilizichaji jioni, taa ya chaja ikawaka kijani upesi kuliko kawaida. Nilifurahi, mjinga mimi, nikasema leo umeme una nguvu. Nikajaribu picha mbili tatu, zikatoka vizuri. Asubuhi nikapanda basi.

Mtu asiniambie sikujua kutunza betri! Nilijua kila kitu. Nilizima kioo cha nyuma, nikawa natazama kwa kile kitundu kidogo cha juu. Nilipunguza mwanga, nikaweka kamera ijizime yenyewe haraka. Flashi sikuiwasha, kwa nini niiwashe kwenye jua la Urambo? Sikuchezea lenzi kuivuta mbele na nyuma. Betri ya akiba niliiweka kivulini ndani ya kanga, isipate joto wala vumbi.

Lakini ninyi mnawajua watu wetu. Ukimpiga mtu picha, hajapigwa mpaka ajione! "Hebu nione nimetokaje." Huyo akiona, anamwita mwenzake. Mwenzake anasema amefumba macho, arudiwe. Nilikataa mwanzoni. Shangazi yangu, mdogo wao baba na baba mkubwa, akanisema mbele za watu kwamba mjini kumeniharibu, nina maringo, sasa hata kioo nawanyima wazee. Nikawasha kioo. Ningefanya nini? Kamera ikazunguka mikononi mwa kina mama, wakicheka, wakionyeshana magauni, na mimi moyoni nikihesabu betri inavyoliwa. Bado nilijipa moyo kwamba hata hiyo ikiisha, ninayo nyingine yenye nukta.

Ile ya kwanza ikafa kabla hata chakula hakijaiva. Nikashangaa, orijino haifi hivyo. Nikaweka ya pili.

Ndipo baba mkubwa akaja.

Alikuja peke yake, ametoka stesheni kwa miguu, amevaa koti zito kwenye jua lile. Wanawe walikuwa wamemkataza, akatoroka kama mtoto. Hata muziki ulizimwa. Baba alisimama, akashindwa kutembea. Kaka yake ndiye aliyemfuata. Wakasemezana Kinyamwezi kwa sauti ya chini, sikusikia yote, lakini nilisikia baba mkubwa akisema moto ni moto tu. Kisha wakashikana mikono na hawakuachiana. Shangazi alipiga vigelegele huku analia.

Baba mkubwa akaniona na kamera yangu. Nikamwamkia, akaniitikia, "Marahaba mwanangu. Tupige mimi na huyu. Nataka niwapelekee wale vijana wangu, maneno yangu hawayataki, labda wataamini macho yao. Nimeapa nitarudi na picha."

Baba, ambaye maisha yake yote alikimbia kamera, akasimama wima na kufunga vifungo vya shati!

Niliinua kamera. Lenzi ikatoka. Nikawaambia wasogeleane. Nikabonyeza... Kamera ikatoa mlio, lenzi ikarudi ndani, kimya.

Nikaiwasha tena. Ikawaka, ikazima. Nikatoa betri nikaisugua kwenye gauni, nikairudisha. Ikawaka, ikazima. Nikarudisha ile ya kwanza nikidhani imepumzika. Hata haikuwaka! Nikakimbilia jenereta la muziki, nikachomeka chaja, taa ya kijani ikawaka pale pale kama vile betri imejaa pomoni. Nikarudi mbio, nikabonyeza, ikazima. Jamani! Wazee wawili wamesimama juani wameshikana mikono, harusi nzima inanitazama, na mimi nahangaika na kidude kisichozidi kiberiti. Nilitamani kuitupa kamera chini na kuikanyaga!

Usiniulize habari za simu. Wakati ule pale kwetu simu zilikuwa za kitochi, za kupiga na kupokea. Ya kupiga picha hakuwa nayo mtu.

Baba mkubwa alisubiri mpaka treni yake ikakaribia. Mwisho akanishika bega. "Usijali mwanangu. Utakuja Usinge utupigie huko huko." Akaondoka. Nilimsindikiza kwa macho.

Kesho yake ndani ya basi nilizitoa zile betri nizitazame vizuri. Nukta zilikuwa nyekundu, ndiyo, lakini si nyekundu yetu. Hizi ziling'aa, karibu na waridi. Rangi mpya! Nikakwangua kwa ukucha, ikatoka yote kwa mara moja, na chini yake plastiki ilikuwa safi. Zilikuwa feki, zimetiwa nukta juzi tu.

Nilipofika Tabora sikwenda nyumbani, nilikwenda kwa Hadija. Alikuwa anakula. Nikaziweka zile betri mezani kando ya sahani yake. Nilitegemea akane, nilitegemea hata tupigane. Hakukana. Alinawa mikono taratibu akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia, "Shoga, mimi nilikuwa kwa watu baki. Wale wangenivunjia kamera. Wewe ulikuwa kwenu... nilijua hata ukikosa picha, wa kwenu watakuelewa."

Wa kwenu watakuelewa! Ningekuwa mgeni kwake, angeniambia ukweli. Kwa kuwa nilikuwa wa karibu, ndiyo nikafaa kudanganywa. Angesema tu "betri sikupi, nazitaka mimi," ningemnunia siku mbili, ningekwenda kuazima kamera kwingine, na picha ingepatikana. Kwa nini hakusema? Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema aliona aibu kuninyima.

Aliona aibu kuninyima, hakuona aibu kunidanganya!

Nikaagiza betri mpya nikiwa nimeapa nitakwenda Usinge. Zilipofika, mvua nazo zikafika. Barabara ikakatika, kisha mwanangu akaugua, kisha treni ikawa haieleweki. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Kabla mvua hazijakatika, tukapata habari kwamba baba mkubwa ameanguka shambani na hakuamka.

Tulikwenda baba, shangazi na mimi. Njia nzima baba hakula. Tulipofika, mtoto mkubwa wa baba mkubwa alitupokea kwa adabu zote, akamwamkia baba shikamoo, akachukua hata mfuko wake. Kisha akamwelekeza kwenye jamvi la majirani na wapita njia. Si pale walipoketi ndugu wa marehemu... Baba akasimama akidhani kijana amekosea. Akamwambia kwa upole kwamba yeye na marehemu walipatana.

Yule kaka yangu akajibu bila kupandisha sauti, na afadhali angepiga kelele, "Baba mdogo, marehemu alituambia hivyo. Tukamwambia basi tuone. Akasema picha inakuja. Tumeingoja mpaka amekufa akiingoja. Picha iko wapi?"

Shangazi akaapa kwamba aliona kwa macho yake. Wakamwambia yeye siku zote yuko upande wa baba. Kisha watu wote wakanigeukia mimi, mwenye kamera. Ningesema nini? Kwamba rangi ya kucha ilikuwa ya waridi? Nilijaribu kueleza habari za betri, mama mmoja akaguna, na mwingine akasema wa mjini hawakosi maneno.

Baba alikaa kwenye jamvi la wageni. Walipoitwa ndugu kutia udongo, hakuitwa. Aliketi ameinamisha kichwa, mikono ameiweka magotini, mpaka watu wakaanza kutawanyika. Baba yangu! Mtu mzima aliyemzika kila mtu wa ukoo wake, akashindwa kumtilia udongo kaka yake.

Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonitesa. Nilimwomba mwaka jana nimpige picha, maana amezeeka na sina hata moja. Sikudhani angekubali. Alitoka, akaketi kwenye benchi la uani, kisha akajisogeza mpaka mwisho kabisa, upande mmoja, akaacha nafasi ya mtu. Nikamwambia asogee katikati akae vizuri. Akasema hapana, piga hivyo hivyo. Nikapiga. Betri ilikuwa mpya, imejaa, na picha ilitoka safi kabisa.

Hadija tunaonana sokoni. Tunasalimiana. Nilimsamehe kwa mdomo zamani, kwa moyo bado, siwezi kuwadanganya.

Ndugu zangu wapiga picha, na ninyi nyote mnaotembea na vidude vya kuchaji, msiiamini taa ya kijani. Washa kamera, ipige kazi nusu saa uone, ndipo uondoke. Usiende shughulini na betri uliyokabidhiwa na mtu bila kuijaribu, hata kama mtu huyo umelala naye kitanda kimoja. Kioo kizime, na wakikuita mwenye maringo, itikia. Ukiona watu waliogombana wanashikana mikono, wapige hao kwanza, bibi harusi atangoja.

Na wewe uliyempa mwenzako kitu kibovu huku ukijua, ukajiambia kwamba ni wako na atakuelewa... nakusihi kwa machozi, mwambie. Atakasirika, atakutukana, atakununia. Mwambie hivyo hivyo, kabla hajapanda basi.