Pumzi ya Upande wa Ukutani

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shangazi yangu, daktari wa meno, na alinisimulia kwa sauti ya chini, mchana kweupe, mlango wa sebule ukiwa wazi.

Siku yenyewe ilianza kama siku zake zote. Aling'oa jino bovu, akaziba mengine, akanywa chai iliyokwisha kupoa. Ndipo akaingia dereva wa basi la shule na mkewe. Bonge la mtu, mcheshi.

"Daktari, nikikoroma majirani wanadhani nimewasha basi."

Mkewe hakucheka. Hospitalini walikuwa wamempima mumewe usingizi, wakaona koo lake linajifunga akilala. Pumzi inakatika, anashtuka, inarudi. Ndiyo maana mchana alikuwa akisinzia. Juzi alikuwa amesinzia kwenye usukani, watoto wakiwa ndani.

Shangazi alikwisha kuwatibu wengi wa namna hiyo. Alimtengenezea kifaa cha kuvaa mdomoni wakati wa kulala: vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja cha meno ya juu na kimoja cha chini, vinavyosogeza taya mbele ili njia ya hewa isizibe.

Baada ya wiki chache walirudi. Dereva alikuwa amenawiri. "Nalala kama mtoto mchanga!" Mkewe alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Mume alipotoka kwenda msalani, mama huyo alimsogelea shangazi.

"Daktari, hakoromi tena," alinong'ona. "Lakini pumzi yake ikitulia, nasikia nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Inatoka nyuma yake. Upande wa ukutani. Na upande ule hakuna mtu."

Shangazi alidhani mama wa watu amechoka tu. Hata hivyo alimwomba dereva avae kifaa, ajilaze kwenye kiti cha matibabu. Haikuchukua muda, akapitiwa na usingizi. Kifua kikapanda, kikashuka. Kikapanda, kikashuka.

Kikatulia.

Sauti ya kupumua ikaendelea.

Shangazi alichukua kile kioo kidogo cha kukagulia meno, akakiweka puani mwa mgonjwa. Kikavu. Akakisogeza mdomoni. Kikavu. Akakipitisha nyuma ya shingo.

Kioo kikafunga ukungu. Ukungu ukatoka. Ukarudi.

Alikichomoa kifaa kwa nguvu. Dereva akafumbua macho, akavuta hewa kama aliyeibuka majini.

"Mbona umeniamsha? Nilikuwa nimelala vizuri sana."

Shangazi alimsihi asikivae tena, arudi hospitali wampe mashine ya kusukuma hewa. Dereva akakataa katakata. "Nimehangaika miaka na miaka. Bila hiki nitakuja kuua watoto wa watu." Shangazi angemwambia ameona nini?

Walipofika nyumbani, mkewe alisubiri mume aingie kuoga, akakichoma kile kifaa jikoni. Usiku ule dereva alilala bila kitu mdomoni. Hakuamka.

Shangazi alikwenda kuhani. Mjane alikuwa ameketi sakafuni, kanga imemfunika hadi kidevuni. Waombolezaji walipopungua, alimvuta shangazi karibu.

"Alikata pumzi nimemshika mkono, daktari. Nilimtikisa, nikamwita, wapi." Akashusha sauti. "Ile nyingine haikukata."

"Hata sasa?"

Mjane alielekeza kidevu kwenye mlango wa chumbani.

Shangazi aliingia peke yake. Jua la mchana lilikuwa limejaa dirishani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka imenyooka. Alisimama, akatega sikio. Kimya. Akashusha pumzi, akaona aibu kwa hofu yake.

Ndipo akauona mto wa upande wa ukutani. Ulikuwa umebonyea katikati. Aliweka kiganja juu yake. Foronya ilikuwa na unyevunyevu. Tena ya moto.

Nyuma yake, mlangoni, mjane alisema taratibu:

"Foronya hiyo nimeibadilisha sasa hivi."