Kofia Chini ya Skrini

Kama si rafiki yangu Cheptoo wa Molo aliyenisimulia mwenyewe, ningebisha. Marehemu mumewe, Bethwel, alikuwa amebadilisha aikoni chini ya skrini ya kompyuta yao: faili zake zilifunguka kwa picha ya kofia yake, za Cheptoo kwa kitambaa chake cha kichwa.

Wiki tatu baada ya mazishi, Cheptoo alishindwa kuiangalia ile kofia.

"Nisamehe, Beth," akanong'ona, akaiondoa.

Mara stima zikapotea. Nje ukungu ulikuwa umeziba dirisha, chumba kikawa giza tupu. Akasikia mausi ya kompyuta ikibonyezwa polepole, vile Bethwel alivyozoea.

Stima ziliporudi, akawasha kompyuta. Kofia ilikuwa mahali pake. Kati yake na kitambaa palikuwa na kofia ndogo ya mtoto mchanga.

Cheptoo akashika tumbo. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Bethwel.