Mboga za Uani kwa Fundi Betri

Ndugu zangu, sogeeni niwaambie. Asubuhi ile uani kwa Fundi Betri kulipendeza. Haradali ilikuwa imefunika ardhi nzima, na mama yake mzazi, aliyekuja kusaidia kumuuguza mjukuu wake, alikuwa akiimba jikoni. Fundi alikunywa chai yake akiisikiliza sauti ile.

Uani hapo ndipo alipopasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi, miaka nenda miaka rudi. Binti yake alichezea mchanga humo humo, hadi akaanza kulalamika tumbo na kusahau maneno aliyokwisha kuyajua. Hospitali wakasema ni sumu ya risasi.

Bibi shamba, yule afisa kilimo wa kata, akaja na ndoo ya bakteria, akaichanganya na udongo, akapanda haradali.

"Vijidudu hivi vinailegeza sumu, mizizi inaifyonza, inapanda majanini," aliwaeleza Fundi na mkewe. "Haradali ikikomaa nitakuja kuing'oa mwenyewe. Asiiguse mtu wala mbuzi. Na muwaambie watu!"

Hapo kwenye kuwaambia watu ndipo Fundi alipokwama. Aibu, jamani! Jirani alipochungulia na kumtania, "Fundi, siku hizi mkulima wa mboga?" alicheka tu: "Tumbo halina likizo, jirani!"

Mkewe alimsihi amwambie walau mama. "Mama ana presha. Nitamwambia taratibu," alijibu. Huku nyuma mtoto alikuwa haruhusiwi tena kukanyaga uani, anameza dawa, na bado anazidi kudhoofika. Fundi alimlaumu bibi shamba, akailaumu hospitali, akalia peke yake karakanani.

Basi asubuhi hiyo harufu ikamfikia.

"Mama, umepika nini?"

"Mboga zako, mwanangu. Mtoto hana damu, nanyi mmeiacha dawa inaota mlangoni! Mkienda kazini kila siku nampikia. Leo nimeziwahi mapema, na bakuli kalimaliza."

"Hiyo ni sumu, mama!" Fundi alipiga kelele, akakimbilia ndani. Chumbani binti alikuwa mkekani, macho yamegeuka, mwili mzima ukitetemeka. Alimbeba mbio, mama yake akimfuata peku, akilia: "Nimemlisha nini, baba? Kwa nini hukuniambia?"

Mtoto hakufa. Lakini hasemi, wala hamjui mama yake. Bibi yake hajashika mwiko tangu siku hiyo, na akiletewa chakula huuliza kwanza kimetoka wapi.

Haradali ilipandwa na kung'olewa misimu mingi, na udongo ule ukapimwa, ukaonekana safi. Watoto wa majirani wanauchezea. Binti wa Fundi huwekwa kitini kando yao.

FUNZO

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Na msiba huo si lazima umpate yeye. Ardhi iliyotiwa sumu yaweza kusafishwa kwa vijidudu na mimea, ila mmea uliokunywa sumu ni sumu. Ukiupanda, waambie watu wote, ukianza na walio jikoni mwako. Fundi alikuwa na siku tele za kumwambia mama yake, na sentensi moja tu ingetosha.