Simfahamu Hata kwa Sura

Treni ya Kigoma ilichelewa, kama kawaida yake, na ilipofika stesheni ya Tabora ikajaa watu, kuku na magunia. Tunu, mwalimu wa lishe katika shule moja ya bweni pale mjini, alikuja kumpokea shangazi yake kutoka Urambo. Alivaa gauni la kitenge cha bluu na mtandio mweupe, na gunia lilipopasuka mbele ya miguu yake hakukasirika. Aliokota harage moja, akaling'ata.

"Dada, hayo hupikwa kwanza!" alisema mwenye gunia, kijana wa kofia ya kiua na macho ya utani.

"Naangalia kama yana fukusi. Hayana. Umeyatunza vizuri."

"Basi nikutunze na wewe."

"Mimi si gunia, kaka."

Aliitwa Shomari, mfanyabiashara wa nafaka. Haukupita muda, simu zao zikawa hazipoi.

"Umekula, malaika wangu?"

"Nimekula wali maharage."

"Maharage ya nani? Usinitie wivu."

Lakini kila mmoja alimficha mwenzake jambo. Shomari hakusema kwamba ameomba zabuni ya kuilisha shule ya Tunu mwaka mzima. Aliogopa mkosi wa kujisifia kitu kabla hakijaiva. Tunu naye hakusema kwamba yumo kwenye kamati ya zabuni, maana wajumbe walikatazwa kujitangaza, na majina ya waombaji hawakuonyeshwa kabla ya kikao. Sasa hapo unatarajia nini kama si balaa?

Siku ya kikao mlango ulifunguliwa, akaingia Shomari na suti ya kijivu, amebeba sampuli ya maharage kwenye bakuli. Tunu alishtuka hadi kalamu ikamponyoka.

Mwalimu Hilari, mwenyekiti, aliuliza swali analomwuliza kila mzabuni.

"Una undugu au urafiki na mjumbe yeyote humu?"

Tunu akaanza kuinua mkono. Shomari akamwahi.

"Sina, mwenyekiti."

"Hata na Mwalimu Tunu? Naona mmetazamana."

"Huyu? Simfahamu hata kwa sura."

Tunu akashusha mkono. Hata kwa sura! Sura ambayo jana tu aliisifia kwenye simu mpaka salio likakatika!

"Mwenyekiti," alisema, "mimi namfahamu. Ni mpenzi wangu. Naomba nitoke nje."

Mzee Ngassa, mjumbe wa bodi, alipaliwa na soda. Mwalimu Hilari akavua miwani taratibu.

"Kijana, ungesema kweli, yeye angetoka na zabuni yako ingebaki. Sasa yeye atakaa, utatoka wewe."

Simu ya Tunu iliita jioni ile, ikaita na siku zilizofuata. Mwishowe akapokea.

"Tunu, nisikilize."

"Nani mwenzangu? Sikufahamu hata kwa sauti."

"Niliogopa watakufukuza kazi kwa ajili yangu."

"Ungenyamaza, Shomari! Nani alikutuma unikane mbele za watu? Umeniumiza." Akakata.

Ijumaa moja, Tunu akianua nguo nyuma ya nyumba yao mtaani Cheyo, alimwona Shomari mlangoni mwa ua, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi.

"Umefuata nini?"

"Mwakani zabuni itatangazwa tena. Sitaomba."

"Omba. Maharage yako mazuri, na mimi nitatoka nje."

"Siwezi. Nimeuliza, mume wa mjumbe haruhusiwi kuomba hata mjumbe akitoka."

Nguo zote zikamponyoka mikononi.

"Shomari! Huna mnunuzi mwingine mkubwa kama shule ile. Unajua unachokitupa?"

"Najua, na kinaniuma. Ila kukukana kumeniuma zaidi."

"Na nani kakuambia nitakubali?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja na mshenga. Yuko sebuleni na mama."

Tunu alichungulia dirishani, akaziba mdomo kwa mkono. Kwenye kochi, na tai yake ya kikao shingoni, alikaa Mwalimu Hilari!

"Umemtuma aliyekutoa kwenye zabuni?"

"Nilitaka mtu ambaye mama akimsikia atajua hasemi uongo."

Tunu alicheka huku machozi yakimtoka. Akatengeneza mtandio, akaingia ndani.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama, mimi nimekubali."

Mama yake alibaki na kikombe hewani, akimtazama mgeni kisha binti yake. Mwalimu Hilari alikuwa bado kwenye salamu. Posa yenyewe alikuwa hajaitaja.