Vigari Vilivyosimama Juu ya Bonde

Ninyi mnaoandika programu, na ninyi mnaozitumia bila kutujua, nawaomba mnisikilize. Haya yalitokea kwetu Gangwon, mkoa wa milima nchini Korea, nami nilikuwepo.

Ofisi yetu ilikuwa ya watu wanne, na tuliishi kama watu wa nyumba moja. Tuliandika programu inayoendesha vigari vya waya vinavyopandisha watu mlimani. Asubuhi hiyo majani ya vuli yalikuwa mekundu mlima mzima. Byung-man alikuwa akimenya viazi vitamu vya kuchoma na kutugawia. Gi-seok pekee hakuwepo. Alikuwa amempeleka mama yake mlimani, kwani mama huyo alikuwa anatimiza miaka sabini.

Simu ikalia, nikaiweka kwenye spika. Alikuwa Gi-seok mwenyewe.

"Vigari vimesimama," alisema. "Tuko juu ya bonde. Mama anatetemeka."

Watu arobaini na watatu walikuwa wananing'inia. Waokoaji wa kamba wangehitaji muda wa saa tano kuwafikia wote.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu Gi-seok. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena. Kazi yetu ya wiki nzima yeye aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini kanuni za ofisi alizidharau. Tulikubaliana kila kitu kipewe jina linaloeleweka, kila kipimo kitajwe ni cha nini, na kazi ya mmoja isomwe na mwingine. Yeye alimcheka Byung-man: "Wewe unasoma kama bibi anayechambua mchele. Nikungoje wewe?" Siku moja kabla ya safari alibadilisha mistari kadhaa, akaiingiza kwenye mtambo bila kumwonyesha mtu. Nami nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa nilikihusudu kipaji chake.

Dada Yeon-suk, kiongozi wetu, aliifungua ile mistari. "Gi-seok, hii uliyoiita k7 ni nini?"

Nilisikia upepo kwenye simu.

"Dada... sikumbuki."

Jamani, fikirini. Mtu aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe, sasa amefungiwa ndani ya alichokiandika, na hakielewi.

Yeon-suk hakumgombeza. Alianza kusoma kwa sauti, mstari mmoja mmoja, na kila tulichokielewa alikipa jina. Gizani mle kukaanza kupambazuka. Nusu saa baadaye tukaliona kosa. Kipima upepo kilituma kasi kwa kilomita kwa saa, na k7 ilidhani ni mita kwa sekunde. Upepo wa kawaida ulionekana dhoruba, na mtambo ukasimamisha vigari kwa usalama.

Yeon-suk alisahihisha. Nikamwambia, "Tuma, dada, watu wako juu."

"Haitumwi kabla Byung-man hajasoma."

"Leo pia?"

"Leo hasa."

Byung-man alivuta kiti, akasoma polepole, kidole kwenye kioo. Nilitamani kumsukuma. Kisha kidole kikasimama.

"Dada, hapa umebadilisha kipimo. Kule chini kinabadilishwa tena, kasi inapunguzwa mara mbili. Upepo mkali ukija, mtambo utauona kama wa feni, na vigari vitakwenda mbio ndani yake."

Ningewatuma watu arobaini na watatu kwenye hatari kubwa kuliko ile ya kwanza, nikijiona mwokozi. Yeon-suk alimshukuru, akarekebisha, akampa asome tena. Ndipo tukatuma.

Kwenye simu tukasikia waya ukilia, halafu watu wakicheka na kulia kwa pamoja.

Tuliwakimbilia kituoni. Mama yake Gi-seok alishuka akiwa amemshika mwanawe mkono. Aliuliza, "Wanangu, nani kati yenu ametushusha?"

Yeon-suk alimtazama Byung-man, Byung-man akanitazama mimi. Kwa kweli hapakuwa na mmoja wa kumtaja peke yake. Gi-seok akainama mbele yetu kuomba radhi, akakaa hivyo muda mrefu. Jumatatu iliyofuata alibeba kiti chake, akaketi karibu na Byung-man, akamwomba amsomee kazi.

FUNZO

Kipaji kisichosomeka ni hatari hata kwa mwenyewe. Andika ili mwenzako aelewe, kwa kanuni mlizokubaliana, na uikabidhi kazi yako isomwe, hasa siku ya haraka. Nawe unayeona kanuni inavunjwa ukanyamaza kwa kuhusudu, kama mimi, jua kwamba kosa hilo mmeliandika wawili.